Kimeng'enya cha Tope la Mwalo: Kwa Nini Tukijue Wenyewe

Kuanzia Segese na Kakola upande wa Kahama hadi Lwamgasa na Nyarugusu kule Geita, penye duara la dhahabu hapakosi mwalo, mahali pa kuchenjulia, na penye mwalo hapakosi tope. Tope hilo limeandikiwa ripoti nyingi, karibu zote zikilieleza kama hatari, na ni kweli ni hatari, kwa kuwa lina zebaki. Lakini humo pia mnaishi bakteria ambao zebaki hiyo haiwaui. Wanaponea kwenye kimeng'enya kimoja wanachokitengeneza wenyewe, na maagizo ya kukitengeneza yameandikwa kwenye jeni wanayoirithishana na kuambukizana.

Swali la uchambuzi huu ni hili: kuna faida gani kumtoa bakteria huyo topeni, kukisafisha kimeng'enya chake mpaka kibaki peke yake, kisha kuisoma jeni yake herufi kwa herufi? Na kwa nini kazi hiyo ifanyike Tanzania, wakati Wamarekani na Waingereza walishaifanya kwa bakteria wao miaka 40 iliyopita? Jibu langu ni kwamba faida ipo, tena kubwa, ila haipo pale wengi wanapoitafuta. Wengi wanatafuta bakteria wa kutusafishia sumu. Mimi naiona faida katika mambo matatu: kupima, kulinda dawa zetu za hospitali, na kumiliki kilicho chetu.

Zebaki inavyofika topeni

Mwamba ukitoka duarani hupondwa, halafu husagwa kwenye karasha mpaka uwe unga. Unga huo hupitishwa na maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia au mazulia. Dhahabu, kwa uzito wake, hunasa. Mchanga mwepesi huteremka. Kilichonasa huwekwa kwenye karai na kumiminiwa zebaki, na mchenjuaji, mara nyingi kwa mikono mitupu, hukikanda mpaka zebaki ikamatishe dhahabu. Donge huminywa kwenye kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki hupaa kama mvuke na dhahabu hubaki. Ile iliyosalia kwenye maji ya karai huishia kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya uchenjuaji.

Mpango wa Taifa wa kupunguza zebaki kwa wachimbaji wadogo ulikadiria kwamba nchi hutumia kati ya tani 13.2 na 24.4 za zebaki kwa mwaka. Duniani kote, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichangia takribani asilimia 38 ya zebaki yote ambayo shughuli za binadamu zilitoa hewani mwaka 2015. Kanda ya Ziwa imo katika hesabu hiyo tangu mapema. Mradi wa Kimataifa wa Zebaki, ulioanza mwaka 2002 chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, ulichagua nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo, na hapa nchini ulijikita Lwamgasa, ambako wataalamu walipima udongo, maji, samaki na miili ya watu.

Kuna jambo moja linalolifanya tope la ukanda huu listahili kuchunguzwa kwa namna yake. Marudio hayatupwi. Zebaki huacha dhahabu nyingi nyuma, kwa hiyo marudio hukusanywa, huuzwa, na kupelekwa kwenye matangi ya sayanaidi kuchenjuliwa upya. Sayanaidi huyeyusha dhahabu, lakini huyeyusha na zebaki pia, ikaifanya isafiri na maji kirahisi zaidi. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umeitaja desturi hiyo waziwazi miongoni mwa zile zinazopaswa kukomeshwa: kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki kabla zebaki haijaondolewa. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2020. Bakteria anayeishi kwenye marudio ya namna hiyo anapambana na sumu mbili kwa pamoja.

Bakteria anavyojikinga

Zebaki iliyoyeyuka hushikamana na salfa iliyomo kwenye protini, na protini iliyoshikwa hivyo huacha kazi. Kwa kiumbe cha seli moja hicho ni kifo cha haraka. Bakteria sugu wamejijengea kinga ya hatua kadhaa, na jeni za hatua hizo zimepangwa pamoja kwenye vinasaba vyao, katika kundi ambalo wanasayansi hulitambua kwa herufi tatu, mer.

Protini ya kwanza, MerR, hukaa juu ya vinasaba ikilinda mlango. Zebaki ikiigusa, hata kwa kiasi kidogo mno, jeni zinazofuata hufunguka na kuanza kusomwa. MerP huidaka zebaki nje ya utando wa ndani wa seli, MerT huipitisha, halafu MerA, kimeng'enya chenyewe, huipa elektroni mbili kutoka kwa molekuli iitwayo NADPH. Zebaki iliyokuwa imeyeyuka na kuwa kali hugeuka metali tupu, ambayo hupenya utando na kutoka kama mvuke. Bakteria wengine wana MerB pia, ambayo huvunja kifungo kati ya kaboni na zebaki, hivyo wanaweza kukabili hata zebaki ya methili, ile sumu iliyowalemaza na kuwaua watu wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Maelezo haya yanatosha kusahihisha kauli inayopendwa sana, kwamba kuna bakteria wanaokula zebaki. Hakuna anayeila. Zebaki ni elementi, haimeng'enywi ikaisha. Bakteria huibadilisha umbo na kuifukuza mlangoni kwake, na baada ya hapo iko hewani.

Mwaka ambao protini na jeni zilikutana

Usugu wa bakteria dhidi ya zebaki uliripotiwa mwaka 1960, katika bakteria wa hospitalini aina ya Staphylococcus aureus. Katika miaka ya 1970 ilibainika kwamba bakteria hao huipeperusha zebaki kama mvuke. Bado kimeng'enya chenyewe hakikuwa kimeelezwa vizuri kinavyofanya kazi.

Mwaka 1982 Barbara Fox na Christopher Walsh, Marekani, walichapisha kazi yao ya kukisafisha MerA kutoka kwa Pseudomonas aeruginosa. Walionyesha kwamba kina FAD, kiambata kinachotokana na vitamini B2, na kwamba mahali pake pa kazi pana jozi ya salfa zinazofungana na kufunguka. Mwaka 1983 walisoma kipande kidogo cha protini hiyo, asidi amino moja baada ya nyingine, wakakikuta kinafanana na vimeng'enya viwili vilivyokwisha kujulikana, ambavyo hata seli za binadamu zinavyo. Mwaka huohuo Nigel Brown na wenzake, Uingereza, walichapisha mfuatano wa jeni nzima ya merA. Ilikuwa na maagizo ya protini ya asidi amino 561, yaani herufi 1,683 za vinasaba bila kuhesabu alama ya kukomea. Ndani ya mfuatano huo kilikuwemo kile kipande cha Fox na Walsh, mahali pake.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kufanya kazi zote mbili. Mfuatano wa jeni peke yake ni dai: unasema protini ya namna hii huenda ikatengenezwa, haushuhudii kwamba imetengenezwa na inafanya kazi. Protini iliyosafishwa peke yake ni ushahidi usiorudiwa kirahisi: ikiisha kwenye chupa, kazi inaanza upya. Vikikutana, mtu yeyote mwenye maabara anaweza kuitengeneza protini ileile, kubadilisha herufi moja, na kuona kilichobadilika. Kwa njia hiyo umbo la MerA katika vipimo vitatu likachapishwa mwaka 1991, safari hii kutoka kwa bakteria wa jamii ya Bacillus.

Kazi yenyewe mezani

Tuifuate kazi hii kama ambavyo ingefanyika kwa tope la Mwime, Kahama, au la Lwamgasa. Gramu chache za tope huchanganywa na maji yenye chumvi, huzimuliwa mara kadhaa, na kupakwa kwenye sahani za agari iliyotiwa kloridi ya zebaki kwa kipimo kinachowaua bakteria wa kawaida. Anayeota hapo ni sugu. Lakini usugu una sababu nyingi, na si kila sugu ana MerA. Kuna kipimo rahisi cha kuwatenganisha, kilichoelezwa na watafiti wa Japani mwaka 1988: bakteria huwekwa na zebaki kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, sahani hufunikwa gizani kwa filamu ya eksirei ya hospitali, na baada ya muda filamu husafishwa. Penye bakteria anayetoa mvuke wa zebaki, filamu huwa na duara jeusi, kwa sababu mvuke umeigusa fedha iliyomo kwenye filamu. Kipimo hicho hakihitaji mtambo wowote wa gharama.

Bakteria aliyechaguliwa hukuzwa kwa wingi na kutiwa zebaki kidogo ili MerR ifungue mlango na MerA itengenezwe. Seli huvunwa kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi, hupasuliwa kwa mawimbi ya sauti, na mabaki huondolewa. Kinachopatikana ni maji yenye maelfu ya protini, na kuanzia hapa kila kitu hufanyika kwenye nyuzi joto karibu 4, kwa kuwa joto na vimeng'enya vinavyokata protini huanza kazi yao papo hapo. Protini hugandishwa kwa mafungu kwa kuongeza chumvi ya salfeti ya amonia, halafu fungu lenye MerA hupitishwa kwenye safu ya chembechembe zilizobandikwa rangi maalumu. Rangi hiyo inafanana na NADPH kiasi cha kukihadaa kimeng'enya kishikamane nayo. Protini nyingine hupita; MerA hubaki mpaka ifukuzwe kwa kimiminika kinachofaa. Inapotoka, mtafiti huiona kwa macho: matone yanayodondoka yana rangi ya manjano, ile ya FAD.

Macho hayatoshi, lazima kupima. NADPH hufyonza mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 340, na inapotumika ufyonzaji huo hushuka. Kasi ya kushuka ndiyo kasi ya kimeng'enya. Kwa kila hatua mtafiti huandika kiasi cha protini, kiasi cha kazi, na kazi kwa kila miligramu. Tuseme ameanza na miligramu 1,000 za protini zenye uniti 1,000 za kazi, akamaliza na miligramu 20 zenye uniti 600. Amepoteza asilimia 40 ya kimeng'enya njiani, lakini kila miligramu sasa ina uniti 30 badala ya 1. Usafi umepanda mara 30. Jedwali la namna hiyo ndilo moyo wa kazi nzima, na mhakiki makini huanzia hapo. Kisha protini hupitishwa kwenye jeli kwa umeme. Ukiona mstari mmoja tu, katika uzito unaokaribia daltoni 58,000, kazi imekaribia kukamilika. Ukiona miwili iliyokaribiana sana, usikate tamaa: kipande cha mwanzo cha MerA hukatika kwa urahisi, na huenda mistari yote miwili ni kimeng'enya kilekile.

Upande wa jeni umekuwa rahisi mno. Frederick Sanger, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1958 kwa kusoma protini ya insulini, aliipata tena mwaka 1980 kwa njia ya kusoma vinasaba aliyoichapisha mwaka 1977. Brown na wenzake walifanya kazi katika enzi hiyo, ambapo jeni moja ilikuwa kazi ya muda mrefu. Leo vinasaba vyote vya bakteria husomwa kwa siku chache, na jeni ya MerA hutambuliwa kwa kuilinganisha na zile zilizokwisha hifadhiwa kwenye kanzidata.

Urahisi huo umeleta kishawishi cha kuishia kwenye jeni. Maandiko mengi sasa hukomea kwenye kauli kwamba jeni fulani imepatikana mahali fulani. Kwa tope letu hilo halitoshi. Swali la maana kwa Kahama ni kama kuna MerA inayoendelea kufanya kazi penye sayanaidi pamoja na zebaki, na swali hilo halijibiwi na kompyuta. Linajibiwa na kimeng'enya kilichosafishwa, kikiwekwa mbele ya sumu zote mbili na kupimwa kwenye nanomita 340.

Kusafisha mazingira: ahadi na mipaka yake

Ahadi ya kwanza inayotolewa ni kwamba bakteria watasafisha mialo. Mfano mzuri upo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Irene Wagner-Döbler na wenzake, Ujerumani, waliwaweka bakteria wenye MerA kwenye tangi lililofungwa, wakapitisha humo maji machafu ya viwanda vya klorini. Zebaki iliyokuwa imeyeyuka iligeuka metali, na metali hiyo ikanaswa ndani ya tangi. Mfano mwingine ni wa mwaka 1996, Marekani, ambapo Richard Meagher na wenzake walipandikiza merA kwenye mmea mdogo. Jeni ya bakteria ilivyo haikufaa kwa mmea; walilazimika kuandika upya sehemu ya herufi zake bila kubadilisha protini. Wasingeweza kufanya hivyo kama mfuatano haujasomwa.

Lakini mifano hiyo inaonyesha mipaka vilevile. Maji ya viwanda vya Ujerumani yalikuwa na zebaki iliyoyeyuka, yakapita kwenye bomba, yakaingia tangini. Kwenye marudio ya karai, sehemu kubwa ya zebaki ni metali yenyewe, matone madogo yaliyosambaa kwenye mchanga. MerA haina la kufanya na metali. Metali ndiyo zao la mwisho la kazi yake. Na penye zebaki iliyoyeyuka nje, pasipo tangi, kuwaachia bakteria kazi hiyo ni kuihamisha sumu kutoka udongoni kwenda hewani tunayovuta sote. Upandikizaji wa mimea una kasoro hiyohiyo.

Kwa hiyo anayemwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba kuna bakteria atakayelisafisha tope lote anamdanganya. Zebaki huzuiwa kwenye karai. Kigida, kile chombo kinachofunika donge linapochomwa na kuirudisha zebaki, kinazuia katika dakika chache kiasi ambacho hakuna bakteria atakayekifukuzia baadaye. Vituo vya mfano vya uchenjuaji bila zebaki, kama kile kilichojengwa Lwamgasa, vinazuia zaidi. Nafasi halali ya kimeng'enya ni ndogo na ya mahali maalumu: maji ya mabwawa na matangi ya uchenjuaji, ambamo zebaki imeyeyuka na inaweza kupitishwa kwenye chombo kilichofungwa. Hapo ndipo aina inayostahimili sayanaidi ingekuwa na thamani.

Kupima, na mchele wetu

Faida ya kwanza ni kupima. Vipimo vya kawaida vya maabara hutaja zebaki yote iliyomo kwenye sampuli, iwe imejificha ndani ya punje ya mchanga au iko huru majini. Kwa afya, ile iliyo huru ndiyo yenye madhara zaidi. Tangu mwaka 1993 watafiti wameweza kuunganisha MerR na sehemu yake ya vinasaba na jeni za kutoa mwanga, wakapata bakteria anayewaka anapokutana na zebaki inayoweza kuingia kwenye seli. Mlinzi wa mlango amegeuzwa kipimo. Kisima cha kijiji kinaweza kupimwa hivyo kwa gharama ndogo, sampuli zenye shaka zikapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kuthibitishwa.

Jambo hili linagusa chakula. Kahama inajulikana kwa mchele kama inavyojulikana kwa dhahabu. Majaruba ya mpunga hujaa maji na kukosa hewa ya oksijeni kwa muda mrefu, na udongo wa namna hiyo ni makazi ya bakteria wa kundi jingine, wanaoigeuza zebaki ya kawaida kuwa zebaki ya methili. Jeni mbili za kazi hiyo zilitambuliwa mwaka 2013. Katika jimbo la Guizhou, China, penye machimbo ya kale ya zebaki, watafiti walikuta mchele ndio njia kuu inayowafikishia wakazi zebaki ya methili. Hilo halisemi chochote juu ya mchele wa Kahama. Linasema kwamba penye machimbo na majaruba katika bonde moja, kupima ni wajibu, na kwamba mkulima anastahili jibu la kipimo badala ya uvumi unaoweza kuharibu soko lake bila sababu.

Kutoka mwaloni hadi wodini

Faida ya pili, kulinda dawa za hospitali, haisemwi sana, nami naiona kubwa kuliko zote. Jeni za mer mara nyingi husafiri kwenye plasmidi na vipande vya vinasaba vinavyoruka kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine. Kimoja cha vipande hivyo, Tn21, kilitokana na bakteria wa kuhara damu aliyepatikana Japani katika miaka ya 1950. Ndani yake zimo jeni za kujikinga na zebaki pamoja na jeni za usugu dhidi ya antibiotiki, zimefungwa kwenye furushi moja.

Maana yake ni nzito. Udongo wenye zebaki huwaneemesha bakteria wenye furushi hilo, hata kama hakuna aliyemwaga antibiotiki hapo. Mchimbaji anayerudi nyumbani na tope miguuni, mtoto anayechezea marudio, ng'ombe anayenywa maji ya bwawa la mwalo, wote wanaweza kuwa njia ya furushi hilo kufika kwa bakteria wanaotushambulia. Mwanza pana Hospitali ya Bugando na chuo chake cha afya, CUHAS, ambako usugu wa dawa umefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Wagonjwa wa Kahama na Geita hupelekwa huko. Kusoma jeni za bakteria wa mwalo na kuzilinganisha na za bakteria wa wodini ni kazi inayoweza kuanza na ushirikiano wa maabara mbili, na majibu yake yangemfaa daktari anayechagua dawa leo.

Nani mwenye mali

Faida ya tatu ni kumiliki kilicho chetu, na hapo tuna funzo la jirani. Katika miaka ya 1990 William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, na wenzake walichukua bakteria kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, likiwemo Bogoria. Vimeng'enya vya bakteria wa namna hiyo, wanaostahimili magadi makali, ni lulu kwa viwanda vya sabuni na nguo. Kampuni ya Genencor iliviendeleza na kuviingiza sokoni, katika sabuni za kufulia na katika kuchakaza nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza kwamba linadai mgao. Mwaka 2007 KWS ilisaini makubaliano na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, safari hii masharti yakiwa yameandikwa mapema.

Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, iliwekwa ili mambo ya Bogoria yasijirudie: anayechukua kiumbe apate idhini na akubaliane mgao kabla. Hata hivyo, teknolojia imeipita itifaki. Mfuatano wa jeni ukishawekwa kwenye kanzidata ya dunia, kampuni ya mbali inaweza kuiagiza jeni hiyo itengenezwe kwenye chupa bila kugusa hata chembe ya tope la Kahama. Ndiyo maana mataifa yaliafikiana kuunda mfuko wa mgao unaotokana na taarifa za mifuatano, Mfuko wa Cali, uliozinduliwa mwaka 2025. Michango yake bado inategemea hiari ya kampuni.

Kwa hali hiyo, ulinzi wetu wa kweli ni kuwa wa kwanza kujua. Aliyekisafisha kimeng'enya, akaeleza kinavyofanya kazi na kumhifadhi bakteria wake kwenye hazina ya taifa, ndiye mwenye hoja mezani. Aliyetoa ndoo ya tope na kutajwa kwenye shukrani za makala hana.

Uwezo tulio nao

Upande wa jeni hatuko nyuma sana. Mwaka 2018 kundi la watafiti kutoka Tanzania, Uganda, Kenya na Australia, waliokuwa wakipambana na virusi vya mihogo, walisoma vinasaba shambani nchini Kenya, chini ya mti, kwa kifaa cha kushika mkononi, na majibu yakapatikana siku hiyohiyo. Kifaa kinachofanya kazi chini ya mti kinaweza kufanya kazi Kahama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine cha Morogoro na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha zina watu wa vinasaba, na Nairobi ipo ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo.

Penye pengo ni upande wa protini. Kusafisha kimeng'enya kunadai umeme usiokatika, chumba cha baridi, mashine ya kuzungusha inayotengenezwa ikiharibika, na kemikali zisizokaa bandarini mpaka zikaisha muda. Umeme ukikatika usiku mmoja, kazi ya wiki inaweza kuwa uvundo asubuhi. Kunadai pia mikono iliyofundishwa, na mikono hiyo haipatikani kwa semina ya siku tatu. Wanafunzi wetu wengi huhitimu wakiwa wamesoma jedwali la usafishaji kwenye kitabu bila kuliandika kwa kazi yao wenyewe.

Hayo yanatatulika kwa fedha za kiasi na uamuzi wa kudumu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, na wa Buzwagi ulitoa dhahabu kuanzia mwaka 2009 mpaka ulipofungwa mwaka 2021. Halmashauri zimekuwa zikipokea ushuru wa huduma kutokana na migodi, na sheria inaitaka migodi ichangie maendeleo ya jamii. Madarasa na zahanati zimejengwa, na ni haki. Ombi langu ni kwamba sehemu ya fedha hizo igharamie mambo matatu: hazina ya bakteria wa mialo yote ya Shinyanga na Geita, chumba kimoja cha kusafishia protini katika chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa chenye umeme wa uhakika, na wanafunzi wa uzamili watakaolipwa kuifanya kazi hii mpaka mwisho. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iisimamie, na kibali cha kuchukua tope kiwe na sharti kwamba nakala ya kila bakteria ibaki nchini.

Kwa wewe mchimbaji unayesoma haya, usisubiri maabara. Funika donge kwa kigida, usichome nyumbani, na usiyapeleke marudio yenye zebaki kwenye sayanaidi. Na kwa wewe mwanafunzi wa sayansi uliyezaliwa Kahama, Msalala, Ushetu au Geita: kimeng'enya cha tope la kwenu kinasubiri mtu wa kukisafisha. Kisafishe wewe.